Kuchunguza rangi na malighafi za sanda za mumia wa Misri: mwongozo kamili, kuanzia macho matupu mpaka mashine

Tuanze na neno lenyewe, mumia. Sisi wa pwani tumekua tukitishwa na mumiani, wale wanyonya damu, ukichelewa kurudi jioni unaambiwa mumiani watakubeba, ila wazee wanajua mumiani ilikuwa pia dawa, kitu cheusi kama gundi kilicholetwa kutoka Uajemi, unayeyusha kwenye samli unakunywa au unapaka kwenye mfupa uliovunjika. Asili yake ni neno la huko Uajemi na Uarabuni la lami inayotoka ardhini. Sasa watu walipokutana na maiti za Misri zimepakwa kitu cheusi wakasema aah hii si ndo mumiya yenyewe, jina likaganda. Yaani jina zima limetokana na kosa la kutambua kemikali kwa macho! Na kosa hilo hilo wanaoanza kazi hii wanalirudia mpaka leo, wakiona cheusi wanaandika lami, wakiona chekundu wanaandika ngeu, ule udongo mwekundu wa chuma, alafu ripoti inatoka imejaa uongo wenye picha nzuri.

Hapa naeleza kazi inavyokwenda kwa mpangilio, na nitachukulia una kipande cha sanda ya kitani iliyochorwa, ya enzi za Warumi kule Misri, maana hiyo ndo yenye mambo mengi: kitambaa, rangi, gundi, nta, utomvu, na mara nyingi takataka za makumbusho za miaka mia iliyopita. Mfano nitakaourudia ni wa Herakleides, mumia wa sanda nyekundu aliyeko Getty Villa kule California, kijana wa karne ya kwanza au ya pili, jina lake limeandikwa kwa Kigiriki miguuni, na ndani ya vitambaa vyake amewekewa ndege kwarara aliyekaushwa naye. Huyu katufundisha mengi, ntakwambia.

Kabla ya kugusa kitu chochote

Una swali gani? Sio "nataka kujua kuna nini", hilo sio swali. Swali ni kama: hii nyekundu ni ya zamani au mtu wa makumbusho kaipaka baadaye? Huu weusi ni utomvu wa mti au lami? Hiki kitambaa ni cha enzi gani? Kila swali lina mashine yake na lina gharama yake, na gharama ninayosema hapa sio hela tu, ni kipande cha sanda kitakachokatwa na hakitarudi.

Alafu ruhusa. Hivi vitu vilivikwa marehemu, na kama mwili bado upo ndani basi unafanya kazi juu ya maiti ya mtu, kwa hiyo heshima kwanza, hakuna kupiga selfi. Kwa upande wa sheria, Misri wana sheria namba 117 ya mwaka 1983 ya kulinda mambo ya kale na sampuli hazitoki nchini hivi hivi. Wale waliochunguza vyungu vya karakana ya kukaushia maiti ya Saqqara, ile iliyogunduliwa 2016 na timu ya marehemu Ramadan Hussein, kazi yao ya kemia ilibidi ifanyike Cairo kwenye Kituo cha Taifa cha Utafiti. Kwa hiyo kama unapanga kupeleka sampuli Ulaya kwa barua, sahau.

Hatua ya 1: macho, taa ya pembeni na hadubini

Watu wanaipuuza hii hatua wanakimbilia mashine, na mimi naona ndo hatua inayotoa majibu mengi kwa bei ndogo kuliko zote. Weka taa ndogo upande mmoja iwe chini kabisa, karibu usawa wa meza, mwanga upite juu ya kitambaa kama jua la machweo. Hapo utaona mikunjo, mishono, mahali rangi imeinuka, mahali kuna kiraka.

Kisha hadubini ya kawaida, mara 20 mpaka 50 inatosha kuanzia. Angalia uzi umesokotwa upande gani. Uzi wa kitani wa Misri karibu wote umesokotwa upande wa S, yaani mistari yake inalala kama sehemu ya katikati ya herufi S, na kitani chenyewe kina tabia ya kujipinda upande huo kikikauka. Ukikuta uzi wa Z usiruke kusema ni bandia ila jiulize umetoka wapi. Hesabu nyuzi kwa sentimita, za kwenda na za kukata, hesabu sehemu tatu au nne sio moja, maana bandeji nyingi ni nguo kuukuu zilizochanwa, shuka za nyumbani, na marehemu mmoja anaweza akawa na vitambaa vya ubora tofauti kabisa: laini sana karibu na ngozi, gunia kabisa katikati. Andika kama kuna pindo, tamvua, au alama ya wino. Nyuzi zenyewe ukizikuza mara 200 na zaidi, kitani kina vifundo kama vya muwa au mwanzi, pamba ni kama utepe uliojikunja. Pamba kwenye sanda inayodaiwa ya kifarao ni sababu ya kukunja uso.

Hatua ya 2: piga picha kwa taa tofauti

Hapa unahitaji kamera iliyotolewa ile filta ya ndani inayozuia infraredi, mafundi wa kamera wanaitoa. Unapiga picha ya kitu kile kile, kamera haisogei hata kidogo, unabadilisha taa na filta tu.

Ya kwanza ni ya mwanga wa kawaida na kadi ya rangi pembeni. Ya pili ni ya mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365 gizani, vaa miwani ya kukinga macho. Hapa rangi ya waridi iliyotengenezwa kwa mizizi ya mmea wa mada inawaka chungwa-waridi kama kaa la moto, kitu cha kupendeza sana, utomvu wa miti unang'aa kijani-njano, nta ya nyuki inakuwa nyeupe ya buluu kidogo. Na ukikuta chungwa kali inayotiririka mpaka juu ya nyufa, shuku vanishi ya sheleki ya mtu wa makumbusho. Vitu vya zamani havivuki nyufa zilizokuja baadaye.

Ya tatu ndo ninayoipenda. Buluu ya Misri ni rangi ya kwanza kabisa ya kutengenezwa na binadamu, miaka elfu tano na zaidi iliyopita, walichukua mchanga, chokaa, shaba (mara nyingine chakavu cha shaba nyeusi) na magadi kidogo au majivu ya mimea wakachoma kwenye joto la kama nyuzi 900 za Selsiasi kwa saa nyingi. Hii buluu ina ajabu yake: ukiipiga taa nyekundu yenyewe inarudisha mwanga wa infraredi, kileleni karibu nanomita 910, ambao jicho halioni ila kamera yako inaona. Kwa hiyo washa taa ya LED nyekundu, weka mbele ya lenzi filta inayopitisha kuanzia nanomita 830 kwenda juu, zima kila kitu kingine, piga. Picha itakuwa nyeusi tii isipokuwa buluu ya Misri, nyeupe kama nyota. Hata chembe moja iliyochanganywa kwenye kijivu au kwenye kivuli cha shingo ya picha ya mtu inaonekana. Giovanni Verri ndo aliyeipa umaarufu njia hii akiwa British Museum, na tangu hapo imekuwa kama chumvi jikoni, kila maabara inayo.

Angalizo mbili. Taa yako isiwe inatoa infraredi yenyewe, kwa hiyo balbu ya zamani ya waya na jua la dirishani ni marufuku, utaona kila kitu kinang'aa utajipongeza bure. Weka pembeni kipande cheupe cha majaribio: kikiwa cheusi kwenye picha uko salama, kikionekana basi mwanga unavuja. Na ya pili, rangi za kisasa za kadimiamu nazo zinawaka huku, zimetumiwa sana na warekebishaji wa karne iliyopita, kwa hiyo nyekundu au njano ikiwaka sio muujiza, ni kiraka.

Hatua ya 3: XRF, mashine inayopendwa na inayodanganya kuliko zote

Hii ni ile bunduki ya eksirei ya mkononi, unaielekeza, inapiga mionzi, atomi zinarudisha eksirei zao na kila elementi ina nishati yake. Haikati kitu, dakika moja au mbili una spektramu, yaani mchoro wenye milima, kila mlima mahali pake. Uzuri huo ndo hatari yake, maana laptopu inakuandikia majina ya elementi yenyewe na we unaamini.

Kwanza elewa inachoona. Chuma kipo 6.4 keV (kipimo cha nishati), shaba 8.05, zebaki karibu 10. Chuma kingi kwenye nyekundu au njano, basi labda ngeu au udongo wa njano. Shaba kwenye buluu au kijani, sawa. Zebaki kwenye nyekundu, hiyo ni sinabari, madini mekundu ya zebaki, ya enzi za mwishoni. Kalsiamu iko kila mahali, chokaa na jasi ya kupigia lipu chini ya rangi, haikuambii kitu kikubwa. Nyeupe ikikataa kuonyesha risasi na kalsiamu ikawa kidogo kuliko ulivyotegemea, kumbuka hantaiti, jiwe jeupe sana la magnesiamu na kalsiamu ambalo Wamisri walilipenda.

Sasa mtego. Aseniki inatoa mstari wake mkuu 10.54 keV. Risasi inatoa wake 10.55. Umeona? Kwa mashine ya mkononi hiyo ni sehemu moja. Na aseniki ndo iliyomo kwenye opimenti, ile njano ya dhahabu inayong'aa, na realga nyekundu, wakati risasi ndo iliyomo kwenye nyekundu ya risasi ya enzi za Warumi na kwenye nyeupe ya risasi. Kwa hiyo ukiona mlima pale 10.5 usiandike chochote kwanza, nenda kulia: kama kuna mlima 12.6 ni risasi, kama kuna kamlima 11.7 bila ya 12.6 ni aseniki, vikiwepo vyote pole, utahitaji mashine nyingine. Usijiokoe kwa kusema "mbona kuna salfa, basi ni opimenti", maana salfa iko 2.31 na risasi ina mstari mwingine 2.34, wamekutana tena huko chini! Nadhani huu ndo mtego ambao umekamata watu wengi kuliko wote kwenye kazi hii na hakuna aliyewaambia mapema.

Bado. Hata kama ni aseniki kweli, sio lazima iwe rangi. Makumbusho ya zamani walikuwa wanapulizia aseniki na zebaki kuua wadudu. Pima pia sehemu isiyo na rangi, kitambaa kitupu, mahali pengi. Aseniki ikiwa kila mahali sawa sawa, hiyo ni dawa ya wadudu, na hapo badili glovu, vaa barakoa, waambie wenzako chumbani, sio utani.

Na kingine, eksirei zinapenya. Ukipiga rangi ya juu unasoma rangi, lipu, kitambaa na kilichoko nyuma ya kitambaa vyote kwa pamoja kama mchuzi. Weka kipande cha plastiki safi au povu nyuma ya kipande chako ukiweza ili usisome meza.

Alafu kuna watu wanataka kutafuta natroni kwa XRF ya mkononi. Natroni ndo ile chumvi ya kukaushia maiti, kutoka Wadi Natrun, na kwa sisi wa huku ni ndugu wa damu wa magadi, sodiamu kaboneti na baikaboneti, Ziwa Natron lenyewe jina lake ndo hilo. Shida ni kwamba sodiamu ni nyepesi mno, mashine ya mkononi haiioni. Utaona klorini labda, ya chumvi ya kawaida inayoambatana nayo, ila mashine nyingi zina mrija wa rodiamu ambayo mstari wake wa chini uko jirani kabisa na klorini, kwa hiyo hapo napo usiapie. Natroni itafute kwa FTIR (mashine ya infraredi inayosoma molekuli) au mtawanyiko wa eksirei unaosoma fuwele.

Hatua ya 4: kutoka elementi mpaka kitu chenyewe

Shaba sio rangi, ni elementi. Malakiti ina shaba, buluu ya Misri ina shaba, kijani cha Misri kina shaba, hata kutu ya pini ya shaba ina shaba. Kwa hiyo unahitaji mashine inayosoma molekuli au fuwele.

Kama unayo mashine ya nyuzi za kioo inayosoma mwanga unaorudi, anza nayo, haigusi. Buluu ya Misri ina mabonde matatu karibu na nanomita 560, 630 na 800. Baada ya hapo Raman, mashine inayopiga leza na kusoma mwanga unaorudi umebadilishwa na molekuli. Leza ya nanomita 785 ndo rafiki wa sanda, maana leza za kijani zinafanya utomvu na uchafu vitoe mwanga wao mpaka hauoni kitu. Opimenti ina mlima mkubwa karibu 354, hematiti ya kwenye ngeu 225 na 292, nyekundu ya risasi 121 na 549, buluu ya Misri 430. Usitambue buluu ya Misri kwa mlima wa 1085 peke yake, kalsaiti iko 1086 na kalsaiti iko kila mahali kama nilivyosema.

Nguvu ya leza iwe ndogo kabisa, anza chini panda taratibu. Nyekundu ya risasi ukiichoma na leza inageuka njano, inakuwa oksidi nyingine ya risasi, alafu we unaandika umegundua njano ya risasi kwenye sanda ya Kirumi. Umeigundua, umeitengeneza mwenyewe.

Hapa ndo Herakleides anaingia. Sanda yake yote nyekundu ni ya nyekundu ya risasi, sio ngeu, na hilo peke yake lingetosha kwa ripoti ya kawaida. Ila watafiti wa Getty hawakuishia hapo wakauliza risasi imetoka wapi, wakapima isotopu zake, yaani uzito tofauti wa atomi za risasi, 204, 206, 207 na 208, maana uwiano wake unategemea umri na historia ya mwamba wa mgodi. Jibu likaja: Rio Tinto, Hispania. Kule Warumi walikuwa wanasafisha fedha kwa kuyeyusha pamoja na risasi na mabaki ya risasi yakawa bidhaa, yakavuka bahari yote ya Mediterania mpaka Misri yakaishia kwenye sanda ya kijana wa watu. Sasa kama wangeandika "nyekundu, huenda ngeu" kwa macho, hiyo safari yote tusingeijua. Isotopu unahitaji sampuli ndogo tu, kama punje ya unga, ila maabara ya kuipima sio kila mtu anayo.

Hatua ya 5: kuchukua sampuli, kama lazima

Mpaka hapa, ukiacha ile punje ya isotopu, hujakata kitu. Ukiona picha na mashine za juu zimejibu swali lako, simama, rudisha kipande kwenye boksi, nenda kanywe chai. Kama bado, chukua pale palipokwisha kuharibika: ukingo wa tundu, uzi uliokwisha kukatika, unga ulioanguka ndani ya mkunjo. Kwa rangi, chembe ndogo kuliko punje ya sukari. Kwa dai ya kitambaa, yaani rangi ya kuchovya sio ya kupaka, uzi wa milimita 3 mpaka 5. Kwa utomvu, miligramu chache. Kwa umri wa kaboni 14 (kaboni ya mionzi inayopungua kadri kitu kinavyozeeka), kama miligramu 10 mpaka 20 za kitambaa.

Vifaa: kisu kipya cha upasuaji kwa kila sampuli, kibano cha chuma kilichooshwa kwa kiyeyushi, glovu za naitrili zisizo na poda, na vichupa vya kioo. VYA KIOO. Mfuko wa plastiki unaachia thaleti, kemikali za kulainishia plastiki, na hizo zitakuja kuwa mlima mkubwa kuliko utomvu wako wote. Na ukishika kwa kidole, mafuta ya ngozi yako yanaingia, ukiona skwalini na kolesteroli pamoja kwenye matokeo ya mtu aliyekufa miaka 2000 iliyopita huyo sio yeye, ni we. Chukua pia sampuli tupu, yaani fungua kichupa, fanya kila kitu bila kuweka chochote, kipeleke nacho kwenye mashine. Wengi wanaruka hii.

Piga picha kabla, wakati na baada, na weka alama kwenye ramani ya kipande. Sampuli isiyojulikana ilitoka wapi ni takataka.

Hatua ya 6: tabaka na nyuzi

Chembe ya rangi unaizamisha kwenye plastiki ya maji inayoganda, ukishaganda unaisugua mpaka ubavu wake uonekane, kama kukata keki uone krimu. Chini kitambaa, juu lipu, juu rangi ya kwanza, ya pili, vumbi, vanishi. Kama chini ya rangi kuna mstari wa vumbi, hapo kuna mtu alirudi baadaye. Ukiiweka kwenye hadubini ya elektroni utaona pia elementi tabaka kwa tabaka, na hapo ule mchuzi wa XRF unatenganishwa, sodiamu nayo inaonekana.

Hatua ya 7: dai za kitambaa

Rangi iliyopakwa juu ni jambo moja, kitambaa kilichotiwa dai ni jambo jingine, na mashine za madini hapa hazina msaada. Unatoa dai kutoka kwenye uzi kwa kiyeyushi laini, unaipitisha kwenye kromatografia ya maji ya msukumo mkubwa, mashine ya kutenganisha kemikali moja moja. Alizarini na papurini zikitokea, ni mada. Indigotini, ni nili au mmea wa wodi, kemia haitofautishi hizo mbili kirahisi kwa hiyo andika "indigotini" usiandike mmea. Safulawa, ua la miiba linalofanana kidogo na mbaruti, linatoa njano na pia nyekundu ya waridi, ila nyekundu yake inakufa haraka kwenye mwanga, kinachobaki ni kivuli chake cha kikemikali na ukitumia asidi kali kutoa dai unaua hata hicho.

Na rangi ya kahawia mara nyingi sio dai, ni uzee tu. Ila kama ina chuma kingi na tanini, hiyo ni ya kutiwa, na kitambaa cha hivyo huwa kinasagika chenyewe kama jani kavu, kwa hiyo shika taratibu.

Hatua ya 8: ule weusi

Tumerudi kwenye mumiani. Anza na FTIR, miligramu kidogo, ikupe familia: nta ina vilele viwili vikali 2918 na 2850 na kile cha 1735, utomvu una kilele kipana karibu 1700, gundi ya mnyama inaonyesha 1650 na 1550. Inakupa ukoo, haikupi jina.

Jina linatoka kwenye GC-MS. Unayeyusha sampuli, unatibu asidi zake ziweze kuruka kama mvuke, mashine inatenganisha molekuli moja moja na kuzipima uzito. Asidi ya dehidroabieti na mwenzake wa 7-okso, hiyo ni misonobari na jamaa zake. Ukikuta na esta ya methili ya hiyo asidi, na sio we uliyeitia methili wakati wa kutibu, walichoma mti kupata lami ya mbao, hawakugema utomvu. Asidi ya moroni na ya oleanoni, ni utomvu wa mti wa pistashia. Esta ndefu za palmiti, nta ya nyuki. Asidi ya risinoleti, mafuta ya mbono. Na lami ya ardhini, ile ya Bahari ya Chumvi, utaijua kwa hopani na sterani, mabaki ya viumbe vya kale sana, unazitafuta kwenye uzito 191 na 217. Hopani hamna? Basi usiandike lami hata kiwe cheusi kama chungu cha pilau. Pistashia iliyochemshwa inakuwa nyeusi vizuri tu. Lami imeonekana zaidi kwenye mumia za enzi za mwishoni, za Wagiriki na Warumi, wakati kwa karne nyingi kabla ya hapo kazi ilifanywa na mafuta, utomvu na nta.

Vile vyungu vya Saqqara, 31 vilivyopimwa, vilikuwa na kitu ambacho mumia hawana: maandishi juu yake. Kuna neno antiu ambalo wataalamu kwa miaka mingi walilitafsiri manemane au ubani, ukifungua chungu ndani kuna mchanganyiko wa mafuta ya mwerezi, mreteni au msaipresi, na mafuta ya mnyama. Yaani kamusi ilirekebishwa na kemia. Humo humo kukawa na damari, utomvu wa miti ya misitu ya Asia ya kusini mashariki, na elemi, utomvu wa miti ya jamii ya mpafu ambayo inaota Asia na pia kwenye misitu ya Afrika. Waganda wanaujua kama muwafu, ule utomvu wake wanauchoma kama ubani. Ule wa Saqqara ulitoka msitu upi hasa, wa Asia au wa kwetu, kemia ya sasa haijasema.

Ukitaka kujizoeza bila kuharibu cha marehemu yeyote, nunua kitani kipya, jipakie mwenyewe: ngeu ya fundi seremala, masizi, chokaa, gundi ya mgunga, nta ya nyuki, ubani wa dukani, kipande cha sandarusi. Acha juani miezi kadhaa, alafu pitisha kila kipande kwenye mashine zako ujue vinafananaje. Sandarusi usiiache, maana ile ya Zanzibar ilipelekwa Ulaya kwa wingi karne ya 19 kutengeneza vanishi, na vanishi za karne ya 19 zimepakwa juu ya vitu vingi vya makumbusho.

Hatua ya 9: umri

Kitani ni kizuri kwa kaboni 14, mmea wa mwaka mmoja, hauna shida ya mti uliokaa miaka 300 kabla ya kukatwa. Tatizo ni uchafu. Lami haina kaboni 14 kabisa, ikibaki kidogo tu kwenye uzi sanda yako inazeeka kwa karne. Nta ya parafini ya warekebishaji ni hivyo hivyo, nayo inatoka kwenye mafuta ya ardhini. Kwa hiyo GC-MS ije kabla, ujue cha kuosha, alafu osha na viyeyushi mmoja baada ya mwingine. Maabara wakikwambia asidi na alkali zinatosha waonyeshe matokeo yako.

Hatua ya 10: kuandika na kutunza

Kwenye ripoti tenganisha ulichopima na unachodhani. "Shaba na silikoni, na inawaka kwenye infraredi, na Raman 430: buluu ya Misri", hiyo inasimama kwa miguu mitatu. "Chuma, nyekundu: huenda ngeu", hiyo ina mguu mmoja, iandike hivyo hivyo na huenda yake. Toa spektramu ghafi sio picha tu, mtu mwingine aweze kukubishia.

Na mabaki ya sampuli usitupe. Kwenye jumba la makumbusho la Bolton huko Uingereza kulikuwa na vipande vya vitambaa kutoka Mostagedda na Badari, vilichimbwa enzi za miaka ya 1920 na 30, vya makaburi ya kabla ya mafarao, vimekaa tu kwenye boksi. Watafiti Jana Jones, Stephen Buckley, Thomas Higham na wenzao wakaja kuvipima, wakachapisha 2014: kulikuwa na utomvu wa misonobari umepikwa na mafuta na gundi ya mimea, kwenye vitambaa vya kati ya 4500 na 3350 kabla ya Kristo, kama miaka 1500 kabla ya ilivyodhaniwa. Aliyevichimba hakuwa na mashine ya kuuona huo utomvu, alichofanya ni kuvihifadhi na kuandika vimetoka kaburi gani. Kwa hiyo kichupa cha kioo, kifuniko kisichoyeyuka, lebo mbili, moja nje moja ndani, namba ya kipande, mahali kwenye ramani, tarehe, kimeguswa na kiyeyushi gani, na uandike kwa penseli, wino wa peni ukikutana na mvuke wa kiyeyushi unafutika.